Suruali za Ndani za Baroni

Meeta Saarsoo alikuwa na miaka tisa alipounguza shati la baba yake. Alikuwa amepewa pasi ya makaa pamoja na onyo. Akaichukua pasi, onyo akaliacha. Shati lenyewe lilikuwa la kanisani, halina mwenzake, na alama iliyobaki mgongoni ilikuwa na umbo la pasi kamili, wala haikuhitaji shahidi. Mama yake alimchapa, kisha akamchapa upya mbele ya baba aliporudi, ili naye asikose. Meeta akakimbilia sauna, kibanda cha mvuke kilichokuwa nyuma ya nyumba, akamkuta bibi yake Leenu akifunga matita ya majani ya kujipigia mwilini wakati wa kuoga. Akalia pale mpaka kwikwi ikamshika.

Bibi Leenu hakuwa mtu wa kubembeleza. Alikuwa dobi tangu ana miaka kumi na minne, na mikono yake ilikuwa myekundu kama kamba aliyechemshwa. Alimsikiliza mtoto mpaka mwisho, akafunga tita moja zaidi, ndipo akasema:

"Shati moja tu, mjukuu wangu? Mimi nilichoma jumba."

Hakukuwa na haja ya kuuliza jumba gani. Kijiji cha Tuhkvere kilikuwa na nyumba arobaini na jumba moja. Lilikuwa juu ya kilima, lina nguzo sita mbele na madirisha mengi kuliko watu waliowahi kuchungulia humo. Ukoo wa von Steddern, Wajerumani, ulilipata eneo lile kutoka kwa mfalme fulani wa ng'ambo ambaye hata wenyewe hawakukubaliana jina lake. Kwa karne nne walimiliki ardhi, msitu, kinu, baa na watu. Kisha Kaisari wa Urusi akatangaza kwamba watu si mali tena. Wakabaki na ardhi, msitu, kinu na baa, na watu wakagundua kwamba uhuru usio na hivyo vinne hauna hata pa kulala. Meeta alipozaliwa, jamhuri mpya ya Estonia ilikwisha kugawa mashamba ya baroni kwa wanakijiji, na jumba likawa shule. Kila mtu kijijini alijua kwamba liliwahi kuungua, mwezi wa Desemba mwaka 1905, na kila mtu alijua kwamba walilichoma wanaume mashujaa wa Tuhkvere kwa hasira ya haki.

Bibi Leenu alikuwa na habari tofauti, na siku ile aliitoa.

Mwaka ule majumba ya mabaroni yalikuwa yakiwaka nchi nzima. Baroni wa Tuhkvere aliposikia kwamba la jirani yake limekwisha, alipanda gari la farasi na mkewe akakimbilia Tallinn, na kwa haraka ile akasahau suruali zake za ndani za sufu, jozi saba. Baridi ilikuwa ya kupasua mawe. Siku ya tatu ikaja barua: suruali zifuliwe, zikaushwe, zitumwe mjini upesi. Leenu, msichana wa miaka kumi na tisa, alizifua, akazitundika juu ya jiko kubwa la vigae la kupashia joto vyumba vya ghorofani, akachochea moto mkubwa kwa kuwa ameambiwa upesi, kisha akashuka jikoni, kwa maana walikuwa wakipika soseji za damu za Krismasi na yeye hakutaka kukosa za kwanza. Alikula mbili. Alipokuwa kwenye ya tatu, dari lilikuwa linalia.

Wanaume mashujaa nao walikuwepo, hilo kweli. Walikuwa wamekubaliana kwenda kulichoma jumba Jumamosi. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Walikuwa na nguruwe wa kuchinja kwanza.

Paa na ghorofa ya juu viliteketea. Mwezi uliofuata wakaja askari wa Kaisari kutafuta wachomaji, na hapo ndipo utani ulipokwisha. Mwendesha gari la baroni, Jaagup Säinas, aliyekwisha kurudi kutoka Tallinn kabla ya moto, alikuwa ameshinda wiki nzima kwenye baa akijigamba kwamba ni yeye. Askari hawakuhitaji zaidi. Walimlaza kwenye benchi mbele ya zizi la farasi wakampiga viboko hamsini, kisha wakampeleka Siberia kwa miaka minne. Alichapwa kwa kosa alilolitamani, siyo alilolitenda. Leenu alisimama nyuma ya chumba cha kufulia akihesabu mapigo, na alipofika arobaini alishindwa kuendelea. Hakusema neno. Angelisema nini, na nani angemshukuru? Jaagup aliporudi kwa mkewe na wanawe, alirudi na sifa, akapata ardhi. Leenu alimpelekea soseji za damu kila Krismasi mpaka mzee alipokufa. Jaagup aliamini mpaka kaburini kwamba dobi yule alikuwa anampenda.

"Sasa nawe unajua," Bibi Leenu akamaliza. "Futa makamasi. Shati limeungua mgongo tu. Atavaa koti juu."

Mtoto akiambiwa siri ya namna hiyo haikai. Mwaka uliofuata mwalimu wa historia, ndani ya jumba lenyewe, aliwaeleza wanafunzi jinsi mababu zao walivyoinua mienge, na Meeta akanyoosha mkono, akasema kwamba haikuwa mienge, zilikuwa suruali za ndani. Alisimamishwa kwenye kona mpaka mchana. Huko kwenye kona kulikuwa na jiko la vigae, refu kupita mtu mzima, jeupe, lenye joto la kupendeza. Alisema baadaye kwamba adhabu ile ndiyo iliyomchagulia kazi.

Maana hiyo ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote: alikuwa mchochea majiko wa jumba la Tuhkvere. Majiko kumi na mawili. Alianza akiwa na miaka kumi na saba, vita ilipokwisha na Warusi wakabaki. Shule ilihamishiwa bawa moja la jumba, na mabawa mengine yakaingia ofisi za serikali mpya. Meeta alibeba magogo, akazoa majivu, akasikia kila kitu. Ofisa hupunguza sauti mbele ya ofisa mwenzake, lakini mbele ya mwanamke mwenye ndoo ya majivu huongea kama yuko peke yake.

Mwezi Machi mwaka 1949, asubuhi moja ya Jumatano, katibu wa ofisi alimwambia awashe majiko yote kumi na mawili, hata ya ukumbi mkubwa, na alale hapo hapo kuyaangalia. Meeta alichukua kuni akawa anafikiri. Ofisi ile ilikuwa bahili wa kuni hadi katibu mwenyewe aliandika akiwa amevaa glavu. Ukumbi mkubwa haukuwashwa moto hata siku ya Mapinduzi. Basi kuna watu wengi wanakuja, na watakaa wakisubiri, na hawataki kijiji kijue. Miaka minane nyuma, mwezi Juni, yalikuja malori, yakapeleka familia mbili Siberia, nazo hazikurudi.

Akawasha majiko matano, akamwambia katibu kwamba bomba la sita limezibwa na ndege na anakwenda kuazima fimbo ya kusafishia. Hakuna aliyemzuia. Alichukua baiskeli akaisukuma kwenye theluji iliyoanza kulainika mpaka shamba la Ojasoo, ambalo ndilo lililokuwa karibu, na ambalo lilikuwa na ng'ombe kumi na mmoja, maana yake lilikuwa kwenye orodha yoyote ile ya matajiri. Mama mwenye shamba alikataa kabisa kuondoka. Alisema ana mkate ndani ya tanuri. Mwanawe, Arved, alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alimtazama mama yake, akamtazama Meeta, akachukua koti na shoka akaingia msituni. Meeta alitaka kufika pia mashamba mengine mawili, lakini aliona kwa mbali lori la kwanza likikunja njia ya kilimani. Akarudi na fimbo. Majiko saba yalikuwa yamebaki, akayawasha.

Siku ya Ijumaa walichukua watu kumi na tisa Tuhkvere, mama yake Arved akiwemo, na mkate wake ameufunga kwenye kitambaa. Meeta, aliyefanya mzaha na kila kitu chini ya jua, hakuwahi kufanya mzaha na siku ile. Aliyoyasema juu yake maisha yake yote ni sentensi moja: kwamba alipaswa kuanza na shamba la mbali.

Arved alikaa msituni mpaka majira ya joto, halafu miezi mitatu kwenye dari la sauna ya kina Saarsoo, akishuka Jumamosi kuoga baada ya wanawake. Ukimficha mwanaume juu ya bafu lako, kuna mawili: umkabidhi, au uolewe naye. Wakati wa vuli alipata karatasi za kufanyia kazi kituo cha matrekta katika wilaya nyingine, ambako hakuna aliyemuuliza alikotoka kwa sababu wote walikuwa wametoka mahali. Walioana mwaka 1951. Mama yake alirudi kutoka Siberia baada ya miaka minane na jambo la kwanza alilomwambia mkwe wake lilikuwa kwamba jiko la nyumba hii linafuka moshi.

Sasa, kuhusu Jaagup na viboko vyake.

Mwaka 1965 ilitimia miaka sitini tangu moto ule, na wakubwa wa wilaya wakaagiza kila kijiji kiwe na shujaa wa 1905. Jumba wakati huo lilikuwa ofisi ya shamba la ushirika, na meneja wake, Voldemar Kirikal, mtu mnene mwenye moyo mwema na shinikizo la damu, alitangaza kwamba wenye habari za mchomaji wajitokeze. Zilijitokeza familia saba. Mambo yalikuwa hivi: enzi ya Kaisari hakuna aliyelichoma jumba, enzi ya jamhuri walilichoma watatu, sasa chini ya Wasovieti walikuwa saba na orodha bado iko wazi. Mzee mmoja alileta kiberiti chenyewe.

Kirikal alimkuta Meeta akizoa majivu ofisini kwake, akafunga mlango.

"Meeta, mama yangu, nimesikia una hadithi."

"Siyo hadithi, bwana meneja. Ni nguo za ndani."

"Ndiyo hiyo hiyo. Nakuomba. Wanakuja watu wa wilaya, anakuja mpiga picha. Siwezi kuweka kibao cha shaba kwa ajili ya suruali."

"Jozi saba," Meeta akasema. "Zingetosha zile familia zote, moja moja."

Kirikal alicheka mpaka akashika kifua, kisha akamwomba tena, safari hii kwa sauti ya mtu anayeogopa kweli. Meeta akanyamaza. Kibao kikapewa Jaagup Säinas, kwa kuwa yeye angalau alichapwa, na kikapigiliwa kwenye nguzo ya tatu: *Hapa mwaka 1905 mpiganaji Jaagup Säinas aliinua mwenge wa uhuru.* Mjukuu wa Jaagup, Evald, fundi wa mashine za kukamulia maziwa, alivaa tai akasimama chini yake akilia wazi wazi. Kazi ya kuking'arisha kibao kila mwezi ilipewa Meeta. Alikisugua kwa majivu, ambayo ni mazuri kwa shaba.

Miaka ikapita kama ipitavyo penye kazi nyingi. Arved alikufa mwaka 1984, trekta haikumuua wala Siberia haikumpata, akafa kwa kuanguka kutoka kwenye mtufaha. Nchi ikapata uhuru wake tena. Shamba la ushirika likavunjika, kila mtu akabeba alichoweza, na jumba likabaki na maktaba ya kijiji, panya, na Meeta, aliyekwisha kustaafu lakini akaendelea kuwasha majiko mawili ya maktaba, kwa sababu hakuna aliyemwambia aache.

Ndipo mwezi Juni mwaka 1993 ikaja barua kutoka Lübeck. Bibi Sibylle von Steddern, mjukuu wa baroni, angependa kuliona jumba la mababu.

Mwenyekiti wa kata, Heiki Lepasaar, hakulala usingizi wiki nzima. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na nne mwenye suti moja na jumba lenye matundu kumi na manne kwenye paa, na katika fikra zake Mjerumani na paa vilikuwa neno moja. Aliagiza nyasi zikatwe. Aliagiza kibao cha Jaagup kifunikwe na bendera. Kisha akamwendea Meeta, maana hakuna mwingine aliyekuwa na funguo wala aliyejua ngazi ipi inabeba mtu.

"Mama Meeta, akiuliza kuhusu moto, mwambie ilikuwa radi."

"Desemba?"

"Basi sema askari wa Kirusi. Hao sasa hivi hawana mtetezi."

"Heiki, mwanangu, hao walikuja mwezi mmoja baadaye. Kwanza liliungua, halafu wakaja."

"Sema lolote ambalo siyo sisi," Heiki akasihi. "Hatuwezi kumwambia mgeni kwamba tulimchomea nyumba babu yake halafu tumpe bakuli la mchango."

Meeta alisema ataona.

Bibi Sibylle hakuwa alivyotarajiwa. Walitazamia kofia na mbwa mdogo. Akashuka kwenye teksi mwanamke mrefu wa miaka sitini na saba, amevaa viatu vya kupandia milima na koti la mvua, mwalimu mstaafu wa hesabu. Tena alizungumza Kiestonia. Alizaliwa Tallinn, akaondoka na wazazi wake mwaka 1939 Wajerumani wote walipoitwa kwao, na lugha aliyobaki nayo aliifundishwa na mpishi wa nyumbani. Kilikuwa Kiestonia cha jikoni. Alimsalimia mwenyekiti wa kata kwa heshima kubwa kisha akamwambia afunge mdomo inzi wataingia.

Heiki alimtembeza, Meeta nyuma na funguo. Walipanda ghorofani. Bibi Sibylle aliyagusa majiko yote kwa kiganja, moja baada ya jingine. Katika chumba cha mwisho, chenye dari jipya kuliko vyumba vingine, akasimama.

"Moto ulianzia hapa, siyo?"

Heiki akaanza kueleza habari ya hali ya hewa. Mgeni alimsubiri amalize, kwa adabu, kama alivyowasubiri wanafunzi wengi waliokosea hesabu ubaoni, kisha akamgeukia Meeta. Alisema kwao hadithi hiyo ilisimuliwa kila Krismasi. Babu yake alikufa akiamini kwamba mwendesha gari wake, aliyekula naye mkate miaka kumi, aliichoma nyumba kwa mkono wake. Hakumwamini mtumishi yeyote tena. Bibi yake alikuwa anafunga milango mitatu kabla ya kulala, hata huko Ujerumani, hata mwaka 1950. Watoto walilelewa wakiambiwa kwamba watu unaowapa chakula ndio watakaokuchoma. Alikuwa amesafiri kuja kuuliza swali moja, na alikuwa amelifanyia mazoezi njiani.

"Tuliwafanya nini mpaka mkatuchukia kiasi hicho?"

Heiki aliangalia viatu vyake. Meeta alikuwa ameamua kusema radi. Alikuwa na neno lenyewe mdomoni. Lakini alimtazama yule mama, karibu rika lake, aliyebeba moto wa watu wengine miaka yote kama ndoo isiyo na pa kuwekwa, akaona kwamba haiwezekani.

"Kuchukiwa mlichukiwa, mama, hilo usiwe na shaka nalo," akasema. "Ila hakuna aliyepata nafasi. Bibi yangu alikuwa anakausha suruali za ndani za babu yako."

Akamweleza yote: jozi saba, barua kutoka Tallinn, soseji ya tatu. Alipofika kwenye nguruwe na ile Jumamosi iliyochelewa, Bibi Sibylle alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha dirisha, ameziba uso kwa mikono miwili, mabega yakitikisika. Heiki alidhani analia akataka kumwita daktari. Alikuwa anacheka. Alicheka hata koti la mvua likalia naye, akaacha, akaanza tena, na mwishoni kweli alilia kidogo, kwa kuwa vitu hivyo viwili hutokea mlango mmoja.

"Za sufu?" akauliza alipopata pumzi.

"Za sufu. Zilikuwa zinawasha, bibi yangu alisema. Aliona huruma."

"Na mwendesha gari?"

Meeta akamwambia habari za benchi na viboko. Hapo hawakucheka. Bibi Sibylle aliuliza kama yuko mtu wa ukoo wake aliye hai, na Meeta akaelekeza kwa kidole dirishani, kule ambako Evald Säinas, mwenye miaka sabini, alikuwa amesimama chini ya nguzo ya tatu, ameondoa bendera ya Heiki ili mgeni akione kibao cha babu yake.

Habari ilifika dukani kabla teksi haijafika barabara kuu. Kijiji kikapasuka. Wengine walisema Meeta amewauza kwa Wajerumani bei ya kicheko. Wengine walisema walijua siku zote. Familia saba, ambazo tangu uhuru zilikuwa kimya kabisa kuhusu viberiti vyao, ziligeuka ghafla zikadai haki zao. Evald aliacha kumsalimia Meeta, na aliacha kwa namna ya kuonekana: akimwona anakuja, anasimama, anageuza uso, anasubiri apite, kama anapisha lori. Iliendelea hivyo majuma matatu.

Heiki, ambaye tayari alikuwa amelililia paa lake, aliitisha mkutano katika maktaba kuamua kuhusu kibao. Walikuja watu sitini, viti vikiwa ishirini. Mmoja alitaka kibao king'olewe, mmoja alitaka liongezwe neno "labda". Mkutubi alisoma pendekezo lake: kuwe na maonyesho. Ya nini? Ya suruali? Watu wakaanza kupiga kelele. Katikati ya hayo Evald akainuka, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema mikutanoni, wakanyamaza.

"Nina swali moja kwa Meeta," akasema, akitazama ukuta. "Babu yangu alichapwa mbele ya zizi. Mgongo wake niliuona mimi, nikiwa mtoto, kwenye sauna. Ulikuwa kama shamba lililolimwa. Mimi nimeishi na mgongo ule. Sasa unaniambia hakufanya kitu. Alichapwa bure, kwa mdomo wake. Ndivyo?"

Meeta alikuwa amekaa karibu na jiko, mahali pake. Alisimama polepole, magoti yake yalikuwa yanamwambia habari za mvua.

"Hapana, Evald. Sikusema hakufanya kitu. Hamkuniuliza mwisho, mlishikilia suruali tu."

Akawaambia kilichobaki, ambacho bibi yake alimsimulia siku za mwisho, wakati wa vita, akiwa kitandani. Dari lilipoanza kuanguka, msimamizi wa baroni alipiga kengele, akaita kijiji chote kije na ndoo. Walikuja. Mtu asingeweza kukataa, jina lake lingeandikwa. Walipanga mstari kutoka kisimani, wanaume, wanawake, nyumba zote arobaini. Na Jaagup, aliyekuwa na ndoo ya kwanza, badala ya kukimbia akatembea. Alitembea kama mtu anayekwenda kupokea sakramenti, ameishika ndoo kwa mikono miwili, asimwage hata tone. Wa nyuma yake akamwona, naye akatembea. Msimamizi alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyekataa kubeba maji. Hakuna aliyekimbia.

"Ndoo moja ilichukua robo saa," Meeta akasema. "Bibi yangu aliwasha, ndiyo, kwa uzembe. Lakini lilivyoungua lile jumba, liliungua kwa mwendo wa babu yako. Viboko vile aliviingia akijua. Alijigamba baani, na askari walipouliza nani, alitoka yeye, ili wasiulize habari ya ndoo. Wangeuliza ndoo, wangekichapa kijiji kizima."

Mzee mmoja akasema taratibu kwamba baba yake alikuwa wa nne kwenye mstari. Mwanamke akasema bibi yake alisimama karibu na kisima. Kumbe kila mmoja alikuwa na mtu kwenye mstari ule, na safari hii haikuwa lazima kumzulia.

Heiki akauliza, kwa kuwa ilimpasa mtu kuuliza, kwa nini Meeta hakulisema hili tangu mwanzo.

"Kirikal alitaka mwenge," akajibu. "Wewe ulitaka radi. Mwenye kutaka ndoo hakuwahi kuja."

Evald hakumkumbatia, wala hakutoa hotuba. Alipokuwa anatoka alipita karibu naye akasema jiko lile linafuka moshi upande wa kushoto, atakuja kesho na udongo. Akaja kweli.

Kibao kilibaki. Walipiga kura kuongeza cha pili chini yake, kisha wakashindwa kukubaliana maneno, na mpaka leo hakipo. Heiki hakupata paa. Bibi Sibylle alikuwa na pensheni ya mwalimu na chumba kimoja na nusu. Alichotuma ni barua, nyingi, na mwaka 1995 tiketi ya meli. Meeta, ambaye hakuwahi kuvuka hata mpaka wa wilaya bila sababu, alikwenda Lübeck siku tisa. Alirudi na maoni kwamba Wajerumani ni watu wasafi, wanaosikiliza, na mkate wao ni sifongo. Sibylle alikuja Tuhkvere kila kiangazi baada ya hapo. Wawili hao walikuwa wakikaa kwenye ngazi za mbele wamekunja miguu, wanakula viazi vipya na samaki wa chumvi kwenye gazeti, wanasema vibaya kila anayepita. Watu walizunguka kwa nyuma ili wasipite.

Mwaka 1999 jumba lilinunuliwa na mtu kutoka Tallinn aliyetaka kuweka hoteli. Alikuwa mwungwana mwenye simu mbili. Alimwuliza Meeta kama kuna mzimu, kwa sababu wageni wanapenda mwanamke mweupe anayetembea ngazini. Meeta alimjibu kwamba kwa miaka hamsini na mbili mwanamke pekee aliyetembea kwenye ngazi zile usiku alikuwa yeye, na hakuwa mweupe, alikuwa na majivu. Yule bwana aliweka mabomba ya maji ya moto, akayaacha majiko kumi na mawili kama mapambo, akaifunga milango yake midogo. Hoteli ilidumu majira matatu ya joto.

Meeta alihamia ghorofa lililojengwa enzi za shamba la ushirika, chumba kimoja, ghorofa ya pili, mkabala na Evald. Alifariki Novemba mwaka 2006, akiwa na miaka sabini na saba. Kwenye mazishi kasisi, mgeni wa eneo lile, alimwita mwanamke mnyenyekevu aliyetumikia kwa ukimya, na kanisa zima likalazimika kuangalia chini. Evald ndiye aliyeanza kucheka. Alijifanya anakohoa, lakini Bibi Sibylle, aliyekaa karibu naye kwenye benchi la mbele na viatu vyake vya milimani, hakujifanya kitu chochote.